Baiskeli ya Baba Irudi Isyonje: Shajara ya Msimu wa Baridi

Jumamosi, 7 Juni

Imefika. Kondakta wa Kosta aliifunga juu kwa kamba ya mpira, akanitoza nauli ya mtu mzima, na njia nzima kutoka Tukuyu hadi Uyole nilikuwa nachungulia dirishani kila tunaporuka tuta. Sasa imeegemea ukuta wa jikoni na nyumba nzima inanuka stoo ya zamani: vumbi la mahindi, panya, mafuta yaliyoganda.

Ni nyeusi, gurudumu inchi 28, ina breki za fito, keria ya chuma ya kubebea gunia, siti ya ngozi iliyokakamaa kama ubao. Nimeipima kwa mizani ya jirani yangu muuza viazi: kilo 22. Kibandiko cha mbele kimeng'oka zamani. Baba anasema ni Raleigh, na sina sababu ya kumbishia, ila nitahakikisha nikifika kwenye nyuzi za ekseli ya pedeli, yaani ile mistari yake ya skrubu.

Niandike mapema kwa nini naifanya kazi hii. Baba alikuwa karani wa ushirika Rungwe, enzi za kupita kituo hadi kituo kwenye mizani ya kahawa. Baiskeli hii ilimpeleka kila mahali, hadi Mbeya mjini na kurudi. Siku moja ya mvua, akishuka kutoka Isyonje, juu mlimani, kuelekea Kiwira, alibana breki zote mbili na baiskeli ikaendelea kwenda kana kwamba hajabana kitu. Aliingia mtaroni, mkono ukavunjika. Nilikuwa darasa la 5. Baiskeli ikawekwa stoo chini ya magunia, na hakuna aliyeigusa tena.

Shule zimefungwa, mvua zimekwisha, na ikifika saa 1 jioni watu wote wameshaingia ndani kusogelea jiko. Hakuna wakati mzuri kuliko huu. Nataka mambo mawili tu: ipande Isyonje nikiwa nimekaa kitini, na isimame ikilowa. Mengine ni nyongeza.

Jumatatu, 9 Juni

Siku ya kufungua. Tangu Jumamosi usiku kila nati nimeitia mchanganyiko wa mafuta ya taa na oili ya injini, asubuhi na jioni. Nati nyingi zimekubali. Kotapini hazikukubali.

Kwa asiyewahi kukutana nazo: kwenye baiskeli hizi za zamani mkono wa pedeli haufungwi kwa bolti katikati. Unashikwa na pini ya chuma iliyochongwa ubapa upande mmoja, inayopita kwenye tundu la mkono na kubana dhidi ya ekseli. Inaingia kwa nguvu, na ikikaa miaka 30 ndani ya kutu inakuwa kitu kimoja na ekseli. Mimi nilifanya kosa ambalo kila mtu hulifanya: nilifungua nati yote, nikapiga nyundo. Ncha ya pini ikapinda kama msumari.

Nikaipeleka kwa fundi wangu aliyeko Mwanjelwa, mjini Mbeya. Mzee huyu ametengeneza baiskeli tangu mimi sijazaliwa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwenye pini.

"Mwalimu, umepiga hewa," akaniambia. "Nyundo yako imesukuma baiskeli yote, pini imebaki pale pale."

Alichukua kipande cha bomba, akakisimamisha wima sakafuni, mkono wa pedeli ukakaa juu yake, pini ikielekea ndani ya bomba. Sasa nguvu ya nyundo haina pa kwenda ila kwenye pini. Pigo moja kubwa, moja tu, la nyundo nzito. Ikatoka. Kwa upande wa pili alinionyesha niache nati ikiwa imeregezwa kidogo tu, usawa na ncha ya pini, ili nyuzi zisiharibike. Nikapiga mwenyewe. Imetoka nzima, na nitaitumia tena.

Jumatano, 11 Juni

Pini ni milimita 9.5. Nyuzi za bakuli la ekseli ya pedeli, kile kikombe cha chuma zinamozunguka gololi, nimezihesabu kwa rula na tochi, mara tatu: 26 kwa inchi. Baiskeli nyingine za Kiingereza zilikuwa na nyuzi 24 kwa inchi. 26 walizitumia Raleigh wa Nottingham. Baba yuko sahihi, na nimempigia simu kumwambia. Akacheka, akasema alijua.

Hili la vipimo si la kujivunia maarifa tu. Dukani pini zilizojaa ni za milimita 9, ambazo kwenye tundu langu zitacheza. Ukiona mkono wa pedeli unalia "ka, ka" kila mzunguko, mara nyingi chanzo ni hicho: mtu aliweka pini nyembamba, akaikaza mpaka akachoka, tundu likaanza kuliwa.

Gololi nazo zina hesabu yake. Ekseli ya pedeli inabeba gololi 11 za robo inchi kila upande. Gurudumu la nyuma ni 9 za robo inchi kila upande, la mbele ni 10 za 3/16 ya inchi. Mimi nimekuta 11 upande mmoja na 8 upande mwingine, na kati ya hizo 8 mbili zimepasuka kama punje za mahindi. Mtu fulani aliwahi kuifungua, akazipoteza, akafunga hivyo hivyo. Nimekaa na sahani ya bati, mafuta ya taa na sumaku ndogo niliyong'oa kwenye spika ya redio, nikazisafisha moja moja. Nimeamua kununua mpya zote. Gololi mpya ukizichanganya na za zamani, mpya zinabeba mzigo wote kwa sababu ndizo kubwa zaidi, hata kama tofauti huioni kwa jicho.

Koni za nyuma, zile zinazobana gololi ndani ya bakuli, zina shimo dogo la ulaji upande mmoja. Bakuli ziko salama. Hiyo ni bahati kubwa, kwa kuwa koni inapatikana Mwanjelwa na bakuli la gurudumu la aina hii halipatikani.

Jumamosi, 14 Juni

Kutu. Nimeanza na usukani na fito za breki. Karatasi ya jaribosi iliyofinyangwa na kuchovywa kwenye maji inaondoa kutu ya juu ya kromu bila kuikwaruza, kwa sababu jaribosi ni laini kuliko kromu. Msasa ungeng'oa kutu na kromu pamoja. Kazi inakwenda taratibu, maji yanakuwa meusi, halafu ghafla unaona uso wako kwenye usukani.

Pale palipobaki vidonda nimeviacha. Jirani amenishauri nipeleke fremu ikapulizwe rangi mpya, nyekundu au bluu, itoke kama mpya. Nimemwambia hapana na nimemwambia kwa nini. Rangi nyeusi ya fremu hii imebaki kwa sehemu kubwa, ngumu, inayong'aa ukiifuta kwa kitambaa chenye mafuta. Kwenye bomba la juu pana mchubuko mrefu wa kamba aliyofungia baba mkoba wa vitabu vya ushirika. Kuna walioifahamu baiskeli hii kwa mchubuko huo. Nikipuliza rangi nitakuwa nimeua kitu kilichodumu kuliko rangi yoyote ya kopo nitakayoipata leo.

Madigadi ni habari nyingine. Ya nyuma imeliwa na kutu hadi ikatoboka, hiyo nitaipaka.

Alhamisi, 19 Juni

Nimepaka madigadi saa 11 jioni. Asubuhi imekuwa na weupe kama maziwa yaliyomwagika juu ya meusi.

Nafundisha fizikia, ilinipasa nijue. Kiyeyushi cha rangi kinapokauka kinachukua joto la bati, bati linapoa chini ya hewa inayolizunguka, na unyevu wa ukungu wa Uyole unageuka matone juu yake kabla rangi haijashika. Alfajiri kipimajoto kilisoma nyuzi 7. Kusugua, kuanza upya. Rangi msimu huu ipakwe saa 5 asubuhi jua likiwa limepanda, na kabla ya hapo bati liwekwe juani hadi likushtue kidogo mkononi.

Jumanne, 24 Juni

Madigadi imekubali. Leo ringi.

Gurudumu la mbele spoki 32, la nyuma 40, kama Waingereza walivyozoea kwa baiskeli za kazi: mzigo mwingi uko nyuma, spoki nyingi ziende nyuma. Tatu za nyuma zilikuwa zimekatika, zote upande wa friwili, ile gia ya nyuma inayovutwa na mnyororo. Nimegeuza baiskeli kichwa chini, nikafunga kipande cha chaki kwenye mguu wa fremu, nikazungusha. Chaki inaandika palipovimba. Unaregeza spoki za upande ule nusu mzunguko, unakaza za upande wa pili nusu mzunguko, unazungusha tena. Nilianza saa 3, nikamaliza saa 9 alasiri nikiwa na chakula cha mchana kimepoa mezani.

Ushauri wangu kwa anayejaribu mara ya kwanza: zipige spoki kwa kucha kama nyuzi za gita. Za upande mmoja zinapaswa kutoa sauti zinazokaribiana. Moja ikitoa sauti nzito, imelegea na wenzake wanabeba mzigo wake, na hao ndio watakaokatika.

Jumapili, 29 Juni

Baridi kali, upepo kutoka mlima Loleza. Sikufanya kitu cha maana isipokuwa viraka viwili kwenye tyubu ya nyuma. Solusheni kwenye baridi haikauki kwa dakika ulizozoea. Ukibandika kiraka mapema kinateleza kama kimepakwa siagi. Nimesubiri karibu robo saa kwa kila kiraka, tyubu ikiwa sebuleni, mbali na moto. Vali ni ile ya zamani yenye kimpira ndani. Kimpira kimeoza, nimeweka kipya.

Jumatano, 2 Julai

Leo nimekaa na daftari.

Sinia la mbele lina meno 46. Friwili ya nyuma ina meno 18. Nimeweka alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, nikaisukuma baiskeli mzunguko mmoja: mita 2.23. Kwa hiyo kila nikizungusha pedeli mara moja, gurudumu linazunguka mara 2.56 na mimi ninasogea mita 5.70. Kwa mwendo wa mizunguko 60 kwa dakika, hiyo ni zaidi ya kilomita 20 kwa saa. Ni mwendo wa Kyela, wa nchi tambarare iliyo karibu na ziwa. Huku kwetu barabara inatoka Uyole na kupanda moja kwa moja hadi Isyonje, juu ya mita 2,000, na baiskeli yenye kilo 22.

Baba alikuwa anashuka na kuisukuma. Wote walikuwa wanasukuma. Ukipita leo utawaona vijana wa viazi wanasukuma baiskeli zilezile za muundo uleule, za Kichina na za Kihindi, meno yaleyale. Watu wamezoea kudhani kuwa tatizo ni mlima.

Nikiweka friwili ya meno 22, kila mzunguko wa pedeli utanisogeza mita 4.66. Mguu unapunguziwa karibu asilimia 18 ya mzigo. Kwenye tambarare nitakuwa mpole zaidi, kama kilomita 17 kwa saa kwa mizunguko ileile 60. Nakubali biashara hiyo bila kusita. Sihitaji gia nyingi wala nyaya. Nahitaji namba moja iliyochaguliwa kwa ajili ya nchi ninayoishi.

Fundi amesema ya meno 22 Mwanjelwa hana, amemwagiza dereva anayekwenda Tunduma.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, na friwili imefika.

Kuitoa ya zamani kulituchukua nusu siku. Friwili inajikaza yenyewe kila unapokanyaga pedeli, kwa hiyo hii imekazwa na miguu ya baba, mlima baada ya mlima, miaka yote ile. Fundi hakukubali kuipiga kwa patasi. Alichonga kipande cha nondo kwa tupa kikaingia sawasawa kwenye mapengo mawili ya friwili, akakibana kwenye jiliwa, tukalaza gurudumu juu yake, kisha akaniambia nishike ringi upande huu na yeye upande ule. Tuligeuza gurudumu zima kinyume na mshale wa saa, kama usukani wa lori. Mara ya nne likalia, likaachia. Mikono miwili kwenye ringi ya inchi 28 ni wenzo mrefu kuliko spana yoyote iliyoko kwenye karakana yake.

Kabla ya kuweka mpya nilipaka grisi kwenye nyuzi, ili atakayeitoa baada yangu asiteseke.

Meno yakiongezeka 4 nyuma, mnyororo unahitaji nafasi mbili zaidi za meno, yaani inchi moja. Niliunga pingili moja pacha kutoka mnyororo mpya. Ile ya meno 18 nimeisafisha kwa mafuta ya taa mpaka ikaanza tena kulia "tiki-tiki-tiki" laini, nikaifunga kwenye gazeti. Baba ataitaka.

Jumamosi, 12 Julai

Shule zimefunguliwa, sasa kazi ni Jumamosi na jioni.

Nimefunga magurudumu yote na grisi mpya. Hapa nimejifunza jambo. Nilikaza koni usiku, nyuzijoto 9 ndani ya banda, nikasikia gurudumu zito, nikaregeza. Asubuhi saa 5, jua limepiga, gurudumu likawa linacheza kushoto na kulia. Nikakaza. Usiku likawa zito tena. Siku mbili nilikuwa nikihangaika na spana kabla sijaona kwamba chuma hakijabadilika hata unywele. Kilichobadilika ni grisi. Grisi nzito ya kopo kwenye baridi inakuwa kama nta, na mkono unadhani koni imebana.

Kwa hiyo: koni zikazwe mchana, baiskeli ikiwa na joto, na kipimo kisiwe uzito wa kuzunguka bali mchezo. Shika ringi, itikise pembeni. Nataka mchezo mdogo sana unaohisiwa kabla ya kukaza nati za nje, kwa sababu nati za nje zikikazwa zitaumaliza.

Pini nazo zimerudi. Ile iliyopinda nimepata mbadala wa milimita 9.5 kwenye kikopo cha fundi cha vitu vya zamani. Ubapa nimeuchonga kwa tupa kidogo kidogo hadi mikono miwili ya pedeli ikanyooka mstari mmoja. Pini moja inaingia kutoka juu na nyingine kutoka chini ukitazama mikono ikiwa imelala. Zikiingia upande mmoja, mikono haitanyooka kamwe.

Jumamosi, 19 Julai

Sasa lile lililonileta. Breki.

Breki za fito hazibani ringi kutoka pembeni. Unavuta wenzo chini ya usukani, fito zinanyanyua kipande cha chuma chenye umbo la kiatu cha farasi, na mipira miwili inapanda na kusugua ringi upande wa ndani, ule unaotazama spoki. Zikiwa zimepangwa vizuri zinashika. Fito zangu zilikuwa na viungio vilivyolegea na mipira migumu kama kwato. Nimeweka mipira mipya, nimekaza viungio, nimeacha nafasi ya milimita 3 kati ya mpira na ringi.

Ila mpira juu ya kromu iliyolowa haushiki, hata uwe mpya kiasi gani. Uso wa kromu unateleza mno, maji yanabaki katikati kama filamu, na mpira unaelea juu yake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kila baiskeli ya ringi za chuma, ya nchi yoyote. Baba hakufanya kosa lolote siku ile. Kwa miaka mingi amejilaumu kwamba alichelewa kubana.

Dawa ya zamani ni ngozi. Waingereza waliuza mipira ya breki iliyovalishwa ngozi usoni kwa ajili ya ringi za kromu, kwa sababu ngozi inafuta maji na nyuzi zake zinakamata pale mpira unapoteleza. Huku huipati. Ngozi tunayo.

Nimekwenda kwa fundi viatu anayekaa karibu na stendi. Nikamweleza. Akanipa mabaki ya mkanda, ngozi nene ya milimita 4, akashauri tuipigilie kwa misumari midogo. Nikakataa, kwa sababu ngozi ikiisha msumari utakutana na ringi na kuichana. Akafikiri, akakata mifereji miwili kwenye uso wa mpira kwa kisu chake, akapaka gundi pande zote, akasubiri ikauke kidogo, akabandika, akabana kwa koleo. Upande wa nyama umetazama nje, ule wenye nyuzinyuzi. Upande wa juu wa ngozi ni laini na ungeteleza. Kabla ya hapo nilikuwa nimepunguza mpira milimita 4 kwa msumeno ili nafasi isipotee.

Vipande vinne. Vimelala usiku kucha vikiwa vimebanwa, sebuleni.

Jumapili, 27 Julai

Kipimo. Nilichagua kipande cha mteremko nyuma ya shule, lami nzuri, hakuna magari Jumapili. Alama ya chaki juu: ndipo ninapoachia baiskeli bila kukanyaga. Alama ya pili chini: ndipo ninapobana breki zote mbili kwa nguvu. Wanafunzi wawili wa kidato cha 3 walishika futi kamba na daftari. Kulowesha tulitumia ndoo mbili na kikombe, ringi zote mzunguko mzima, kabla ya kila mshuko. Kila hali tuliirudia mara 3 na kuchukua wastani.

Mpira mtupu, pakavu: mita 9. Mpira mtupu, ringi zimelowa: mita 26. Mara ya pili ya hiyo nilipita alama zote na nikasimama kwa miguu. Ngozi, pakavu: mita 10. Ngozi, ringi zimelowa: mita 14.

Mmoja wa wanafunzi alirudia kusoma namba kwa sauti, kisha akauliza, "Mwalimu, kwa hiyo babu alihitaji mita 12 zaidi?" Nikamwambia ndiyo, na kule Isyonje mwendo ni mkubwa kuliko hapa, kwa hiyo alihitaji nyingi zaidi.

Nimeliangalia daftari hilo usiku mara kadhaa.

Jumamosi, 2 Agosti

Igawilo na kurudi. Siti inaumiza, nimeipaka mafuta ya ng'ombe. Pini ya kulia ilihitaji kukazwa robo mzunguko baada ya kilomita 10, kama fundi alivyotabiri. Pumzi ya tairi: nilijaza pauni 50 mchana wa jua, alfajiri ikasoma 46. Si pancha. Hewa iliyopoa kutoka nyuzi 25 hadi 7 inapoteza karibu kiasi hicho. Nitajaza alfajiri.

Jumamosi, 9 Agosti

Jana Uyole palikuwa hapapitiki kwa watu wa Nanenane waliokuwa wakielekea viwanja vya John Mwakangale, kwa hiyo nimeondoka leo saa 1 na nusu asubuhi, glavu za sufu, koti, mkoba wa spana kwenye keria, vipande viwili vya akiba vya ngozi.

Kupanda. Nilijiahidi sitahesabu kilomita, nikahesabu mizunguko: nikifika 500 nasimama kunywa chai ya chupa. Nilisimama mara 5. Pale palipo pakali zaidi, karibu na juu, nilisimama juu ya pedeli, lakini sikushuka. Vijana watatu wa viazi walikuwa wanasukuma pembeni. Mmoja akapaza sauti, "Dada, hiyo ina mota?" Nikamjibu ina meno 22. Alinifuata mbio hadi nikasimama, akainama, akayahesabu kwa kidole. Nimempa namba ya fundi.

Isyonje ukungu ulikuwa umekaa barabarani. Baada ya Ntokela manyunyu yakaanza, yale ya Rungwe yasiyojali kwamba ni kiangazi. Ringi zikalowa. Nikasimama, nikagusa ngozi kwa kidole, imelowa na imevimba kidogo lakini imeshika. Nikaanza kushuka nikiwa nimebana kidogo muda wote ili ringi zifutwe, nikisikia sauti ya ngozi, "shhh", chini yangu. Mahali pa baba pana kona ya kushoto na mtaro wa mawe upande wa kulia. Nilibana kabla ya kona. Ikapungua. Nikabana zaidi. Ikasimama. Nilikaa pale dakika kadhaa mguu mmoja ukiwa chini, magari yakipita, kisha nikaendelea hadi Kiwira.

Tukuyu nimefika saa 8 mchana, kama kilomita 60. Mama alitoka na kitambaa akaniambia nijifute, nitaugua. Baba alikuja taratibu na fimbo yake. Hakuniangalia mimi kwanza. Alinyanyua nyuma ya baiskeli kwa mkono uliowahi kuvunjika, akarudisha pedeli kinyume, akasikiliza friwili. Kisha akapitisha kidole gumba ndani ya ringi hadi kwenye breki.

"Ngozi," akasema.

Nikampa daftari la vipimo, lile la wanafunzi. Alivaa miwani, akasoma ukurasa wote akiwa amesimama, akarudi kwenye mstari wa mita 26, akaukalia muda mrefu. "Iliyolowa," akasoma. Akanirudishia daftari. "Ndaga fijo, mwanangu," akasema kwa Kinyakyusa: asante sana.

Nimepima ngozi jioni: za mbele zimeliwa milimita 1, za nyuma chini ya hapo. Kesho narudi Uyole kwa Kosta. Baiskeli inabaki, baba ameomba akae nayo hadi Jumapili ijayo, aizungushe uwanjani, na amesema siti nisiiguse, ana mafuta yake mwenyewe.